Jumamosi ya Vichwa

Watu wa Lowndale, mji mdogo wa kusini mwa Marekani, wanaomjua Verlene Gaillard leo wanamjua kama mwalimu mstaafu wa darasa la tatu, mama mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuamrisha, anayekaa safu ya pili kanisani na kumtazama kwa jicho kali kila anayechelewa. Ni wachache wanaojua kwamba miguu yake hiyo, ambayo sasa huvimba kila majira ya joto, iliwahi kuwa miepesi kuliko miguu yote pale chuoni. Na wachache zaidi wanajua kwamba siku ambayo chuo kizima kilikusanyika kuitazama, miguu hiyo haikutokea.

Alizaliwa nje ya mji, kwa wazazi waliolima kwanza pamba ya watu, kisha karanga zao wenyewe. Mama yake alikuwa na kazi ya pili. Kila Jumamosi wanawake wa jirani walikuja jikoni kwake kunyooshwa nywele kwa chanuo la moto, ili Jumapili waingie kanisani na vichwa vinavyong'aa. Verlene alikua katika harufu hiyo ya mafuta na nywele zilizopata moto. Kazi yake ilikuwa kulijaribu chanuo kwenye karatasi kabla halijagusa kichwa cha mtu. Karatasi ikigeuka kahawia, chanuo lingoje. Ikibaki nyeupe, haya, kazi ianze.

Alipoingia chuo cha watu weusi pale mjini, mwaka wa sabini na moja, hakuna msichana aliyetaka tena kunyooshwa. Wote walifuga nywele zikasimama duara kama jua, na Verlene naye akafuga. Mama yake alimtazama likizo ya kwanza akasema tu, "Mlango wangu ni mpana, utapita."

Chuo kilikuwa na vyama kadhaa vya akina dada, kila kimoja na herufi zake za Kigiriki, mwito wake, rangi zake na benchi lake. Chama alichokitamani Verlene kilivaa rangi ya chungwa na nyeupe, na kwa hiyo wavulana waliwaita Machungwa.

"Machungwa yanapita!" mmoja alizoea kupaza sauti kutoka kwenye ngazi za bweni. "Nani ana kisu?"

"Kisu unacho, kaka, meno ndiyo huna," alijibu kila mara Bernadine Tolliver, na wenzake walimcheka yule kijana hadi saa ya chakula.

Bernadine alikuwa dada wa mstari wa Verlene. Maana yake ni kwamba walivuka pamoja, yaani waliingizwa chamani kwa pamoja, majira ya kuchipua ya mwaka wa sabini na tatu, baada ya wiki nyingi za kutembea mmoja nyuma ya mwingine wakiwa kimya, kula pamoja na kuadhibiwa pamoja. Walikuwa watano. Walipangwa kwa kimo, na kwa kuwa Verlene alikuwa mfupi kuliko wote, alikuwa wa kwanza. Wa kwanza ndiye anayetoa mwito katika ngoma ya miguu, ngoma isiyo na ngoma, ambayo mapigo yake yote ni visigino, viganja na mapaja. Yeye asipoita, wengine hawana pa kuanzia.

Wasiojua walidhani chama kile ni dansi za Ijumaa na fulana za rangi tu. Hawakuwa na makosa sana, maana zilikuwepo siku ambazo hata wenye chama walidhani hivyo. Lakini wanawake waliolianzisha tawi la chama pale chuoni, wengi wao binti za wafuaji nguo na wapishi, waliacha agizo moja lililo wazi: kila Jumamosi asubuhi, masista, yaani akina dada wa chama, waende kwenye nyumba ya wazee ya kaunti, wawaoshe akina bibi nywele, wawapake mafuta, wawasuke au wawanyooshe. Siku hiyo waliiita Jumamosi ya Vichwa. Hawakusema "mkipata nafasi." Walijua kwamba huduma inayongoja nafasi ni makombo ya mezani, na makombo hapewi mtu unayemheshimu.

Kufikia wakati wa Verlene agizo lilikuwa limeanza kulegea. Ijumaa kulikuwa na dansi, na Jumamosi asubuhi masista waliingia nyumba ya wazee wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, wakipiga miayo, wawili watatu tu kati ya wote waliotakiwa. Verlene naye alicheza kila Ijumaa, hakuwa mtakatifu. Alipenda kucheza kama wengine wanavyopenda kula. Tofauti yake ni kwamba aliamka. Aliwahi kuja na viatu vya dansi miguuni, akasuka vichwa vya watu huku viatu vimevuliwa chini ya kiti na vidole vyake vikijipumzisha kwenye sakafu ya baridi.

Bibi aliyekuwa wake siku zote ni Bi Cleotha Mims, aliyefua shuka za mabweni ya chuo hicho kwa miaka mingi hadi mikono ikagoma. Alikuwa na kichwa kinachouma upesi na ulimi usiouma kabisa, bali unaouma wenzake.

"Kichwa chako kichaka," alimwambia Verlene siku ya kwanza, "halafu nikukabidhi changu?"

"Changu ni mtindo, Bi Cleotha."

"Hata magugu ni mtindo, mwulize mkulima. Haya, shika chanuo. Ukiniunguza sikio nitapiga kelele zisikike Georgia."

Hakumwunguza. Ile karatasi ya jikoni kwa mama yake ilimlinda. Tangu siku hiyo Bi Cleotha hakukubali mkono mwingine.

Basi ikafika Oktoba ya mwaka ule, na jambo lenyewe likaanza kwa neno dogo. Verlene alikuwa anamsuka Bi Cleotha, na bibi akasema bila kugeuka, "Bintiye mtu anakuja kutoka Detroit."

"Binti wa nani?"

"Wangu, basi. Loretta. Hatujaonana tangu tulipogombana msiba wa baba yake. Ameandika atakuwa kanisani Jumapili ya maadhimisho ya kanisa letu. Sasa wewe sikia. Sitasimama mbele ya Loretta na kichwa cha mwanamke aliyesahauliwa. Akiniona nimechakaa atanionea huruma, na huruma ya mtoto mliyegombana naye ni kofi. Jumamosi ya kabla yake utanifanyia kichwa changu vizuri, kiteleze kama hariri. Sawa?"

"Sawa, Bi Cleotha. Nimekuahidi."

Alikuwa amekwisha kutoka mlangoni alipokumbuka Jumamosi hiyo ni ipi. Ilikuwa Jumamosi ya Siku ya Marejeo, siku ambayo wote waliowahi kusoma pale hurudi na kofia zao na watoto wao, kuna maandamano asubuhi, mpira alasiri, na katikati, saa sita, vyama vyote hushindana kwa ngoma ya miguu mbele ya maktaba. Siku hiyo Jumamosi ya Vichwa haikufanyika. Haikuwahi kufanyika. Na mstari wa Verlene ulikuwa umefanya mazoezi tangu Agosti, mpaka Bernadine alikuwa anapiga visigino usingizini.

Alijaribu kuipenyeza ahadi yake mahali pengine. Ijumaa ilikuwa siku ya daktari, na nyumba ya wazee haikupokea wageni. Jumamosi yeye alitakiwa chuoni tangu alfajiri kwa mazoezi ya mwisho, na baada ya hapo wa mstarini hawakuruhusiwa kutoka. Jumapili alfajiri, basi la kanisa lingekuwa limekwisha kuwachukua akina bibi. Basi akamwendea mzee Rufus, dereva wa basi la nyumba ya wazee, akamwomba awe amemleta Bi Cleotha chuoni kufikia saa tatu. Chuo chote siku hiyo kingekuwa na majiko ya mkaa, watu wakichoma mbavu za nguruwe kila mahali. Chanuo lingepata moto humo. Saa tano angekuwa amemaliza. Saa sita angekuwa mstarini.

"Una akili, Verlene," alisema Bernadine alipoelezwa, "lakini akili ya namna hii ndiyo inayozamisha watu wanaojua kuogelea."

Jumamosi ikaja na jua zuri, na basi halikuja. Maandamano yalikuwa yameziba barabara kuu, na mzee Rufus alikwama nyuma ya gari lililopambwa, akimpungia mkono msichana aliyechaguliwa malkia wa chuo kama watu wengine wote. Walipofika ilikuwa imekaribia saa tano. Na Bi Cleotha hakushuka peke yake. Walishuka bibi watatu, yeye na wenzake wawili.

"Hawa walisikia kuna matembezi," alieleza. "Ningewazuiaje? Nao wana vichwa."

"Bi Cleotha, muda umekwisha. Njoo nianze na wewe."

"La. Anza na hawa, mkono wako upate moto kwanza. Mimi siyo wa kujifunzia."

Hakubembelezeka. Na hapo, katika haraka ile, Verlene alifanya kosa ambalo mtu asiyevaa rangi ya chungwa na nyeupe hawezi hata kuliona kuwa ni kosa. Akina bibi hawakuweza kusimama. Viti havikuwepo. Jiko la mkaa la tawi lilikuwa nyuma ya maktaba, na kando yake palikuwa na benchi la chama, la zege, lililopakwa rangi ile kila mwaka kwa mikono ya masista wenyewe. Akawakalisha hapo.

Benchi lile asiyevuka hakai. Verlene mwenyewe aliizunguka sehemu ile kwa mwaka mzima na zaidi kabla ya kuvuka, bila hata kuigusa kwa mkoba. Mwanafunzi mgeni aliyewahi kukaa pale kwa kutojua alipewa ndoo na sabuni akalisugua mbele ya watu, na Verlene alicheka pamoja na wengine. Kwa hiyo alijua. Lakini alijua kama mtu anavyojua jina lake; hakulifikiria.

Alimaliza kichwa cha kwanza. Akamaliza cha pili, ambacho kwa bahati kilikuwa na nywele chache. Chanuo lilikaa kwenye makaa kandokando ya mbavu, na kila aliyepita aliuliza leo kuna nyama ya namna gani. Alipoanza kichwa cha Bi Cleotha, wenzake walikwisha kuvaa na walikuwa wanajinyoosha miguu upande wa pili wa maktaba. Alikuwa amemaliza nusu ya kushoto, ikiteleza hadi shingoni, na nusu ya kulia imesimama kama ilivyoumbwa, ndipo akatokea mwenyekiti wa tawi.

Winifred Lasseter alikuwa msichana mrefu, msafi, mwenye maneno machache. Nyuma yake walikuja akina mama wawili wenye kofia, masista wa zamani, waliotoka mbali kuja kuliona benchi lao.

"Dada Verlene," alisema Winifred polepole, "nani amewakalisha hawa?"

"Ni mimi. Miguu yao imechoka, Dada Winifred."

"Unajua benchi hili ni nini."

"Najua."

"Lilipakwa rangi na wanawake ambao jimbo hili halikuwaruhusu kukaa popote pengine. Sio kiti. Waheshimiwa hawa wawili walilipaka. Na leo wamekuja, wanakuta chanuo na mafuta."

Lazima isemwe kwamba Winifred hakuwa mtu mbaya, na neno lake halikuwa la upuuzi. Watu walionyimwa mahali pa kukaa, wakijipatia mahali, wana haki ya kupalinda. Asiyelinda chochote hana chochote. Lakini Bi Cleotha aliinua kichwa chake cha nusu kwa nusu.

"Mimi nimefua shuka za wanawake hao, mwanangu," alisema. "Najua walivyokaa. Na walivyolala pia najua."

Mmoja wa wale akina mama wenye kofia alianza kukohoa. Mwingine aliona jambo la kutazama juu ya paa la maktaba. Winifred alihisi masikio yakimwaka moto.

"Wainuke," alimwambia Verlene. "Sasa hivi. Wakae kwenye basi."

"Nikimaliza. Chanuo litapoa njiani."

"Sasa hivi, ama usisimame mstarini leo."

Wakati huo filimbi ikalia mbele ya maktaba, ya kuita vyama vijipange. Verlene alisikia umati ukipiga kelele. Alisikia pia miguu yake mwenyewe ikipiga mwanzo wa ngoma bila kuombwa. Alitaka kwenda. Wanaopenda kusimulia habari za watu wema husema kwamba mtu mwema hasikii uzito wa anachokiacha. Ni uongo. Verlene aliusikia wote.

"Nenda, mwanangu," alisema Bi Cleotha, na kwa mara ya kwanza ulimi wake ulikuwa umepungua makali. "Nina kofia. Nitaivuta upande huu."

"Loretta atakukumbatia, kofia itaanguka."

"Basi itaanguka."

Verlene akachukua karatasi, akaligusisha chanuo. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Kaza shingo," alisema. "Dada Winifred, nikimaliza."

Winifred akaondoka na wageni wake. Verlene akaendelea na nusu ya kulia, mkunjo kwa mkunjo. Nyuma ya ukuta ule wa matofali alisikia vyama vingine vikipita, na vifijo vyao. Kisha pakawa kimya, na katika kimya hicho alijua kwamba sasa ni wao. Akangoja kusikia nani atatoa mwito badala yake. Hakuna aliyetoa. Kimya kilirefuka mpaka watu wakaanza kunong'ona, halafu ghafla vikaanguka visigino vinane kwa pamoja, bila mwito, kama mvua inayoanza bila radi. Walipoteza pigo mara mbili. Alisikia mara zote mbili, na mara zote mbili mkono wake ulisimama juu ya kichwa cha Bi Cleotha.

"Usiniunguze," alinong'ona bibi, lakini kwa upole.

Walikuja nyuma ya maktaba wanne, wamelowa jasho, na Bernadine mbele. Hawakupata kikombe cha ushindi. Walikuwa karibu na mkia.

"Nani aliita?" aliuliza Verlene. "Mbona sikusikia mtu?"

"Aite nani? Wa kwanza ni wewe."

"Mngesogea. Wa pili angekuwa wa kwanza."

"Winifred alituambia tusogee. Tukasema ndiyo, dada. Tukafika pale mbele, tukaacha nafasi yako wazi kama jino lililong'oka. Watu wakadhani ni mtindo." Bernadine alijifuta uso kwa fulana. "Halafu tukakosea, wakajua siyo mtindo."

Verlene akalia, tena kwa sauti. Alililia kikombe, alililia Agosti nzima ya mazoezi, na alililia kitu kingine ambacho hakuwa na jina lake. Bernadine alimpa sahani ya mbavu na mkate wa mahindi akamwambia ale, zinapoa. Bi Cleotha aliomba kioo. Alijitazama muda mrefu, upande huu na upande ule, akasema, "Loretta ataona wivu," na kwake hiyo ilikuwa shukrani.

Watu huuliza kama Loretta alikuja. Alikuja. Walichosema hakijulikani, maana wenyewe walikaa garini na vioo vimepandishwa.

Juma lililofuata tawi lilikaa kikao. Verlene hakujitetea. Alisema sheria aliivunja, na kwamba ni sheria nzuri, na kwamba angeivunja tena. Mambo hayo matatu yalikuwa kweli kwa pamoja, na hakuona sababu ya kuficha lolote. Winifred alimpa adhabu: asihudhurie dansi wala sherehe yoyote ya chama mpaka Krismasi ipite.

"Na Jumamosi ya Vichwa?" aliuliza Verlene. "Hiyo nayo nimekatazwa?"

Masista wengi waliokuwa kikaoni hawakuwa wameikanyaga nyumba ya wazee tangu muhula uanze, na kila mmoja alipata jambo la kufanya na kucha zake.

"Adhabu ni kunyimwa raha," alisema Winifred hatimaye. "Hiyo haijawahi kuwa raha. Haimo."

Bernadine alicheka peke yake, akaombwa atoke nje.

Msimu wote ule wa baridi Verlene hakucheza. Ijumaa jioni alisikia muziki ukitoka ukumbini, akalala. Leo akiwa na wajukuu anausimulia msimu huo kwa namna ya mtu anayesimulia nchi aliyoishi zamani, na wakimwuliza kama ilimuuma anasema ilimuuma sana, mbona wanauliza swali la kitoto. Kikombe kile mstari wao haukukipata kamwe. Mwaka uliofuata goti la Bernadine liliumia. Nafasi nyingine haikuja. Hakulipwa kitu, na yeyote anayewafundisha vijana kwamba wema hulipa angekaa kwanza na mama huyu.

Ila iko Jumamosi moja anayoipenda kuliko zote. Ni ile ya kwanza baada ya kikao. Alifika nyumba ya wazee asubuhi, jua halijapata nguvu, akamkuta Winifred Lasseter amekaa sebuleni, wima, na chanuo jipya mapajani, bado lina kibandiko cha duka. Hakuomba radhi, wala hakuombwa. Alisema tu, "Nipe kichwa."

Verlene alitazama huku na huku. Bi Cleotha alikuwa karibu zaidi, na Verlene alikuwa binadamu.

Hakumwambia Winifred habari za karatasi.

"Yesu na Mariamu!" ilipaa sauti ya Bi Cleotha, na pengine kweli ilifika Georgia. "Sikio langu! Huyu naye mmemtoa wapi? Mrefu hivyo na hana macho?"

"Samahani, Bi," alisema Winifred, na hakunyanyuka. "Nitajaribu upande wa pili."

"Upande wa pili! Nina masikio mawili tu, we mtoto!"

Lakini hakukihamisha kichwa chake. Verlene alileta karatasi na mafuta, akavuta kiti, na wote watatu wakakaa hapo asubuhi nzima.